Laini milioni 90, watu milioni 60 na ushei: hao wengine wametoka wapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi na akina mama wenzangu wanne tuna kikundi hapa Dodoma. Tunataka kuanzisha huduma ya kuwatumia wakulima wa alizeti wa Singida bei za soko na taarifa za mvua kwa ujumbe mfupi wa simu. Kwenye andiko letu la kuomba mkopo, katibu ameandika: 'Tanzania ina watumiaji wa simu milioni 90.4, hivyo kila mkulima anafikika.' Mimi nikakumbuka sensa ya 2022 ilitoa watu milioni 61.7. Nilipomuuliza hao wengine wametoka wapi, akasema namba ni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nisibishane na serikali. Mweka hazina naye anasema zimepikwa na makampuni ya simu. Nani mkweli? Mimi nina laini tatu, ina maana nimehesabiwa mara tatu? Tena nilipoangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu nikakuta moja nisiyoijua. Hiyo nayo imo kwenye hesabu?"*

Marahaba, mwanangu. Swali lako zuri kuliko majibu yote mawili uliyopewa. Katibu ana namba sahihi ila ameibebesha maneno yasiyo yake. Mweka hazina amehisi kuna kitu hakikai sawa, lakini amemshika mtu asiye mwizi. Na wewe, naam, umehesabiwa mara tatu. Ile laini usiyoijua, kama kuna mtu anaitumia, imehesabiwa pia. Nitaifikia, maana hiyo ina haraka kuliko mkopo.

Tuanze na namba yenyewe. Milioni 90.4 ni hesabu ya TCRA ya mwishoni mwa Machi 2025. Sensa ya Agosti 2022 ilipata watu 61,741,120, na kasi ya ongezeko kati ya sensa mbili za mwisho ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Ukisogeza mbele mpaka Machi 2025 unapata watu kama milioni 67. Kwa hiyo kwa kila watu 100 kuna laini kama 135. Na katika hao 100, zaidi ya 40 ni watoto walio chini ya miaka 15, wengi wao hawana laini kabisa. Ukiwaweka kando watoto, zinabaki karibu laini mbili na nusu kwa kila kijana na mtu mzima, akiwemo bibi yako aliyeko kijijini ambaye labda hajawahi kushika simu. Hesabu haijakosewa popote. Tatizo ni kwamba kinachohesabiwa si mtu.

Kinachohesabiwa ni laini iliyo hai, na kwa kipimo cha kimataifa cha laini za malipo ya kabla (zile za kuweka salio kwanza ndipo uongee), laini iko hai ikiwa imetumika walau mara moja ndani ya miezi mitatu. Iliyosahauliwa kwenye droo tangu mwaka juzi haimo. Ila ile uliyonunua ukiwa safarini ukaitumia siku mbili, ukaitoa na kuitupa, itaendelea kuonekana hai mpaka siku 90 zipite. Kila robo mwaka inapofungwa kuna laini za namna hiyo kwenye kapu. Hakuna aliyezipika, kipimo chenyewe ndicho kilivyo. Taarifa za TCRA husema kwa Kiingereza *subscriptions*, yaani laini au usajili, na mwandishi wa habari mwenye haraka anaandika "watumiaji". Neno moja tu, na watu milioni ishirini na kitu wasiokuwapo wamezaliwa.

Humo humo kuna laini zisizo na mtu kabisa. Mashine ya EFD inayotoa risiti dukani ina laini ndani yake ya kupeleka taarifa TRA, mamlaka ya mapato. Basi la mkoani lenye kifaa cha kufuatilia mwendo lina laini. TCRA yenyewe hutenganisha laini za mtu kwa mtu na za mashine kwa mashine, na za mashine bado ni sehemu ndogo. Nazitaja ili katibu asije akashangaa kuwa basi la Dodoma–Singida linahesabiwa kama "mkulima anayefikika".

Sehemu kubwa ya tofauti ni watu kama wewe na mimi. Mimi nina laini tatu na nyingine moja kwenye rauta ya nyumbani. Kwa nini Mtanzania ana laini nyingi hivi, wakati nchi nyingine mtu anazeeka na laini moja? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa hili utaelewa pia namba hizi zilivyokua.

Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kampuni yako inailipa kampuni ya unayempigia, kwa kila dakika, ada ya kupokea simu hiyo. Ndiyo gharama ya mwingiliano. Kabla ya Machi 2013 ilikuwa zaidi ya shilingi 100 kwa dakika. Kampuni ingewezaje kukuuzia dakika ya mtandao mwingine kwa bei ya chini ya hapo? Ilikutoza ghali kwenda nje, na kukupa dakika za bei poa, au za bure usiku, ndani ya mtandao wake. Mteja naye si mjinga. Shemeji yuko mtandao ule, mchumba yuko huu, basi ananunua laini zote mbili. Miaka ile laini iliuzwa kwa bei ya soda, na ndipo simu za laini mbili kutoka China zilipoingia kwa wingi. Watu hawakuongezeka mara mbili, mifuko yao ndiyo iliyopata laini ya pili.

Machi 2013 TCRA ikaishusha ada hiyo hadi shilingi 34.92, Januari 2018 ikawa 15.60, na kufikia 2022 ilikuwa shilingi 2. Sababu ya zamani ya kuwa na laini mbili ikawa imekufa. Ungetegemea watu wazitupe za ziada, si ndiyo? Hawakuzitupa, kwa kuwa sababu nyingine zilikuwa zimeshaingia mlangoni. Mtandao mmoja unashika nyumbani, mwingine unashika shambani. Huu una bando zuri la intaneti, ule una wakala wa fedha pale njia panda. Laini ya biashara ni moja, ya familia nyingine, na pesa ya mchezo wa vikoba inakaa kwenye ya tatu ili mtu asiiguse ovyo. Toka Machi 2017 unaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, lakini kwa nini mtu ahame wakati anaweza kuongeza?

Fedha za simu zilibadilisha jambo lingine ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko yote na halisemwi sana. Kabla ya M-Pesa kuingia nchini Aprili 2008, simu moja ilitosha nyumba nzima. Baba anayo, ikilia anaitwa anayehitajika. Lakini akaunti ya fedha ina namba ya siri, na namba ya siri haigawanywi. Mama anayeuza mboga akataka laini yake, hata kama simu hana. Nimewaona wanawake vijijini wakiwa na laini imefungwa kwenye pindo la khanga. Akitaka kuangalia kama mtoto ametuma hela, anaazima simu ya jirani, anachomoa laini ya jirani, anaweka yake, anasoma, anatoa pesa kwa wakala, anarudisha. Mwanamke huyo ni laini moja hai kwenye kitabu cha TCRA, halali kabisa. Ujumbe wako wa bei ya alizeti utamfikia siku hiyo atakapoazima simu, pengine baada ya wiki mbili, bei ikiwa imeshabadilika.

Sasa kasi. Mobitel ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1994, simu ya mkononi ilikuwa mali ya wakubwa na wafanyabiashara. Mwaka 2000 laini zote za mkononi nchini hazikufika laki 3, na simu za waya za TTCL zilikuwa nyingi kuliko za mkononi. Vodacom ikaja Agosti mwaka huo, Celtel ikafuata 2001. Ushindani na vocha ya kukwangua vilimtoa mteja kwenye mikataba na bili za mwisho wa mwezi. Vocha ndiyo shujaa wa hadithi hii, nayo haikumbukwi: ilimruhusu mtu asiye na mshahara awe na simu, aongee akipata na anyamaze akikosa. Kufikia 2010 laini zilikuwa zimepita milioni 20. Kwenye ngazi hiyo ya kwanza, laini mpya mara nyingi ilikuwa na maana ya mtu mpya.

Baadaye si hivyo tena. Mwaka 2016 na 2017 hesabu ilisimama kwenye kama milioni 40. Juni 2016 simu bandia zilizimwa, na Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA. Tarehe ya mwisho ilisogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, unakumbuka foleni zile, kisha laini kwa mamia ya maelfu zikazimwa. Mwaka 2020 ukaisha na laini takriban milioni 51. Kutoka hapo mpaka 90.4 ni ongezeko la robo tatu ndani ya miaka minne na ushei, wakati watu wameongezeka kwa kama asilimia 15 tu. Kuna minara mipya vijijini, ikiwemo 758 iliyosainiwa mikataba Mei 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kuna simu za bei nafuu, kuna intaneti, kuna vijana waliopata kitambulisho. Na kuna laini ya pili na ya tatu ya mtu yule yule. Namba moja ya jumla haiwezi kukuambia kila sababu imechangia kiasi gani, na yeyote anayekuambia ongezeko lote ni "Watanzania wapya waliounganishwa" anakuuzia kitu.

Nimtetee mweka hazina kidogo. Hofu yake ina mfano. Nigeria mwaka 2024 hesabu rasmi ya laini ilishuka kwa makumi ya mamilioni baada ya kubainika kuwa takwimu zilizokuwa zikiripotiwa hazikuwa sahihi. Kampuni hupenda kuonekana kubwa, na mdhibiti hutegemea zinachoripoti. Ndiyo maana usajili wa vidole una thamani hata kwa mtu wa takwimu: kila laini ya mtu ina kitambulisho nyuma yake, na kanuni za 2020 zinaweka mipaka ya laini ambazo mtu mmoja anaweza kusajili kwenye kila mtandao. Kwetu tofauti ya watu na laini inaelezeka bila kumsingizia mtu.

Turudi kwenye andiko lenu. Sentensi ya katibu ifuteni yote, hasa ile "kila mkulima anafikika". Afisa mikopo aliye makini ataiona kama ulivyoiona wewe, na akishaona kosa moja la wazi atatilia shaka na kurasa zenu nzuri. Mnaweza kuandika kwamba laini hai nchini zilikuwa milioni 90.4 Machi 2025, kwamba ni laini na si watu, kisha mkaingia kwenye soko lenu halisi. Soko lenu si Tanzania. Mkoa wa Singida wote una watu kama milioni 2, na ninyi mnawataka wanaolima alizeti, walio na simu nyumbani, wanaosoma ujumbe na kuuamini. Namba hiyo hakuna mamlaka itakayowapa.

Zipo njia tatu za kuisogelea. TCRA hutoa mgawanyo wa laini kimkoa, utawasaidia kuona ukubwa lakini utabeba kasoro zile zile. NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, kwenye sensa na tafiti za kaya huuliza umiliki wa simu kwa mtu, na hiyo kwa kazi yenu ni bora mara kumi kuliko hesabu ya laini, ingawa haitawaambia nani analima nini. Ya tatu ni miguu yenu. Mimi ningeanza na hiyo, hata kama ni ya vumbi.

Chagueni vijiji vinne, na visiwe vyote vya barabarani. Viwili viwe vya ndani, ambako mtandao unapandiwa kichuguu. Ongeeni na wakulima 15 kila kijiji, na msimwachie mwenyekiti awachagulie, maana atawapeleka kwa marafiki zake wenye simu janja. Msiulize "una simu?" Kila mtu atasema anayo, kwa heshima tu. Ulizeni simu iko wapi sasa hivi. Ulizeni anayekaa nayo mchana ni nani, inachajiwa wapi na kila baada ya siku ngapi, jumbe husomwa na nani, na mtandao upi unashika wakiwa shambani. Muulizeni mama peke yake, mbali na mumewe. Wanawake wako nyuma ya wanaume katika kumiliki simu karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, na palizi ya alizeti hiyo mnayoisema, mara nyingi ni ya mama.

Kisha fanyeni jaribio la bei rahisi. Chukueni namba za hao 60 kwa ridhaa yao, subirini wiki, tumeni ujumbe mmoja mfupi: "Ukiupata ujumbe huu, bipu namba hii." Kubipu hakumgharimu kitu. Hesabuni waliobipu siku ya kwanza, ya tatu, na wiki nzima. Kama katika 60 wanabipu 20, mmepata ukweli ambao milioni 90 haiwezi kuwapa. Mkienda benki na karatasi hiyo mtasikilizwa.

Mtakapoona matokeo mtaweza kupima njia. Ujumbe mfupi unafika kwenye kitochi chochote, hauhitaji bando wala salio la mpokeaji, na simu za batani bado ni nyingi kuliko simu janja. Udhaifu wake ni kusoma, na kwamba jumbe za matangazo na za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimewafundisha watu kutoamini namba wasiyoijua. Ujumbe wa sauti unamfikia asiyesoma lakini unagharimu zaidi, na unamkuta shambani. WhatsApp ni nzuri kwa viongozi wa vikundi na haifai kwa mkulima mmoja mmoja kule ndani. Mimi kwa mtaji wa akina mama watano ningetuma ujumbe mfupi kwa mtu mmoja anayeaminika kila kitongoji, mwenye simu isiyozimika, naye aandike bei ubaoni kwenye ghala au dukani. Haina mvuto kwenye andiko kama kusema milioni 90, ila inafanya kazi.

Kumbukeni pia kwamba orodha ya namba inaoza. Mkulima akiishiwa kabla ya mavuno, simu inakaa kimya. Laini ikinyamaza miezi mingi kampuni inaweza kuifuta na namba kupewa mtu mwingine, na mkajikuta mnamtumia bei ya alizeti dereva wa bajaji Mbagala. Ipigieni simu orodha yenu kila mwanzo wa msimu.

Kuna mambo mawili ya kwenda kuyashughulikia kwa miguu, si kwa kuniandikia mimi. La kwanza ni hizo namba za wakulima. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, anayekusanya taarifa za watu ana wajibu, ikiwemo kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tume iko huko huko kwenu Dodoma. Nendeni mkaulize kikundi cha ukubwa wenu kinatakiwa kufanya nini, kabla hamjakusanya hata namba moja.

La pili ni ile laini usiyoijua, na hili usilale nalo. Piga *106# kwenye mtandao husika uone tena namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Huenda ni laini uliyomsajilia mdogo wako ukasahau, au wakala alikuambia "vidole havijasoma, weka tena" na kidole cha pili kikasajili laini ya mtu mwingine. Uulize nyumbani kwanza. Kama hakuna anayeijua, usiipigie namba hiyo wala kubishana na aliyenayo. Chukua kitambulisho chako, nenda wewe mwenyewe kwenye duka la kampuni hiyo, si kwa wakala wa mwavuli, uombe laini ifutwe kwenye jina lako, na uandike tarehe na jina la aliyekuhudumia. Ukiambiwa imeshatumika kwenye utapeli, au ukianza kupokea simu za watu wanaodai pesa zao, ondoka dukani moja kwa moja mpaka kituo cha polisi ukaandikishe taarifa, kwa sababu mpaka itakapofutwa kila itakachofanya laini hiyo kinasomeka kuwa umekifanya wewe. Nenda kesho asubuhi, andiko la mkopo litasubiri.